Mtumiaji Yuko Peke Yake na Simu Yake: Maswali na Majibu

*Barua kadhaa zinauliza jambo moja: tumesoma kwamba watu watano wanatosha kupima programu. Ni kweli?*

Namba hii imeponza miradi mingi. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walikokotoa kwamba, kwa wastani, mtumiaji mmoja hufichua asilimia 31 ya matatizo. Kwa hesabu hiyo watano hufichua takriban asilimia 85. Nielsen aliieleza tena katika makala ya mwaka 2000, na tangu hapo watu wanakariri namba bila masharti yake.

Kwanza, ule ni wastani tu. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi lina uwezekano wa asilimia 41 tu kuonekana kwa watu watano. Pili, watano ni wa duru moja ya majaribio. Nielsen mwenyewe alishauri kwamba mwenye uwezo wa kuwalipa watu 15 awagawe katika duru tatu, akirekebisha programu kila baada ya duru. Tatu, watu hao wawe wa aina moja: mwenye duka na mteja wake ni makundi mawili.

Tena jaribio lisilo na msimamizi, ambalo mshiriki hulifanya peke yake kwa simu yake, lina hasara zake. Mtandao utakatika, mmoja ataacha katikati, mwingine hatasema neno. Alika wa ziada. Na kama unataka kumwambia bosi "asilimia fulani walifaulu", anzia watu 20.

*Washiriki wetu wote walifaulu, lakini wateja bado wanapiga simu kuuliza namna ya kununua umeme. Tumekosea wapi?*

Mliwapa majibu. Maelezo mliyonitumia yanasema: "Bonyeza Lipa Bili, kisha chagua Umeme." Hapo mmepima kama watu wanajua kusoma. Andikeni hivi: "Ni saa mbili usiku, umeme umeisha nyumbani. Nunua wa shilingi 5,000." Neno lililo kwenye kitufe lisionekane kabisa katika maelezo. Hakuna mtu pembeni wa kumsaidia mshiriki, kwa hiyo sentensi zenu ndizo msimamizi.

*Mwishoni tuwaulize kama wameipenda programu?*

Hapana. Tazameni walipokwama.

*Kuna anayetuahidi washiriki mia moja kwa siku moja. Tumlipe?*

Muulizeni kwanza anawatoa wapi. Wapo wanaoishi kwa kujaza majaribio, wanabonyeza haraka wapate malipo yao. Maswali ya mchujo yasifichue mnayemtafuta: badala ya "Je, unatuma pesa kwa simu?", waorodheshe wenyewe walichofanya na simu wiki hii. Kisha tazameni rekodi za skrini zao. Anayeuza majedwali ya matokeo bila rekodi, achaneni naye.

*Nani alipie bando la mshiriki?*

Ninyi.

*Tunarekodi skrini na sauti. Ruhusa ni lazima?*

Ndiyo, tena kabla ya kuanza. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Na inanikera kuona rekodi ambamo mtu anaandika namba yake halisi ya siri. Mpeni akaunti ya majaribio.

*Tuanzie wapi?*

Mpeni jaribio mwenzenu asiyeujua mradi, alifanye katika chumba kingine. Akija kuuliza chochote, msimjibu. Kaandikeni upya sehemu iliyomleta, ndipo muwaalike wengine.