Mtambo Haudhani: Lugha, Ishara na Ajali ya Ndege ya Schiphol, 2009

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna lugha inavyofichua, na wakati mwingine inavyoficha, chanzo cha ajali ambazo mitambo na binadamu wameshiriki kuzisababisha. Mfano uliochaguliwa ni safari nambari 1951 ya shirika la Turkish Airlines, kutoka Istanbul kwenda Amsterdam. Tarehe 25 Februari 2009 ndege hiyo, Boeing 737-800 iliyobeba watu 135, ilianguka shambani yapata kilomita moja na nusu kabla ya kufika njia ya kutulia katika uwanja wa Schiphol. Watu 9 walifariki, wakiwemo marubani wote 3.

Yamkini baadhi ya wasomaji watashangaa kuona ajali ya ndege ikijadiliwa katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba marubani wale hawakuiona ardhi kwa muda mrefu wa safari yao ya mwisho. Asubuhi ile ilikuwa na ukungu na mawingu ya chini. Walikuwa wakisoma. Mbele yao palikuwa na matini: tarakimu, alama na maneno mafupi. Walipokosea, walikosea kama wasomaji. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi na isimu ana la kusema hapa, mradi asijifanye mhandisi.

Bildi ya angani

Neno rubani halikuzaliwa angani. Kabla ya kuwako ndege, rubani alikuwa mtu wa baharini, mjuzi wa mikondo na miamba, aliyekabidhiwa chombo akiingize bandarini salama. Penye shaka ya kina, bildi ilitiwa majini ili ijulikane maji yaliyobaki chini ya chombo. Altimita ya redio ni bildi ya angani. Hutuma mawimbi ya redio chini, hupokea mwangwi wake, kisha hupima muda uliopita na kuugeuza kuwa kimo. Ni tofauti na altimita ya kawaida, ambayo hutegemea kanieneo ya hewa. Ndege hiyo ilikuwa na altimita mbili za redio, moja ya kushoto na nyingine ya kulia.

Ya kushoto ilikuwa mbovu. Ndege ikiwa bado juu sana, ilionyesha kwamba kimo ni futi -8, yaani ndege iko futi 8 chini ya ardhi. Tarakimu hii ilikuwa ya kipuuzi kiasi kwamba mtu yeyote angeikataa. Marubani nao hawakuiamini. Altimita za kawaida zilikuwa sahihi, na ndizo walizozifuata. Hapa ndipo kisa kinapotatiza. Hakuna binadamu aliyedanganywa na tarakimu ile. Aliyeisoma na kuitekeleza ni msomaji mwingine.

Shahidi mmoja, wasomaji wawili

Ndege hiyo ilikuwa ikiendeshwa na mitambo miwili kwa pamoja. Mtambo wa kwanza uliongoza mwelekeo na kimo. Kwa kuwa rubani msaidizi aliyekuwa mafunzoni ndiye aliyekuwa akiendesha kutoka kiti cha kulia, mtambo huo ulisoma altimita ya kulia, iliyokuwa nzima. Mtambo wa pili ulirekebisha nguvu za injini. Huu, bila kujali nani anaendesha, ulisoma altimita ya kushoto. Hivyo basi, katika ndege moja, mtambo mmoja ulisoma matini sahihi na mwingine ukasoma matini potofu, na yote miwili ikatenda kulingana na usomaji wake. Wa nguvu ulitekeleza kanuni inayofaa ndege iliyo chini ya futi 27, yaani inayokaribia kugusa ardhi: ulizivuta nyuma nyenzo za injini hadi nguvu ya chini kabisa. Wakati huo ndege ilikuwa karibu futi 1,950 juu. Mtambo wa kwanza, ukijitahidi kubaki kwenye mteremko uliopangwa, uliendelea kuinua pua ya ndege huku kasi ikizidi kupungua.

Kwa nini marubani hawakutambua mapema? Sababu moja ni ya mazingira. Waongozaji wa safari za angani walikuwa wameielekeza ndege iingie kwenye mteremko karibu na uwanja, hivi kwamba iliukuta mteremko ikiwa juu yake. Ililazimu kupunguza kimo na kasi kwa pamoja. Kwa hiyo injini kupungua nguvu lilikuwa jambo lililotarajiwa. Kosa la mtambo lilifanana kabisa na kazi yake halali.

Sababu ya pili ni ya kiisimu, na ndiyo yenye uzito zaidi katika mjadala huu. Juu ya vioo vya marubani lilitokea neno moja la Kiingereza: RETARD. Maana yake ni kwamba nguvu zinarudishwa nyuma. Katika ndege ya aina hii neno hilohilo huonyeshwa katika hali mbili tofauti: ndege inaposhuka kawaida kutoka angani, na ndege inapokuwa juu kidogo tu ya njia, tayari kugusa ardhi. Huu ni utata wa maana. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha huuondoa utata wa namna hii. Anayesema "nipe kaa" akiwa jikoni na anayesema hivyo akiwa sokoni mwa samaki hueleweka wote wawili. Lakini muktadha wa mtambo ulikuwa futi -8, na muktadha wa marubani ulikuwa futi 1,950. Neno lilikuwa kweli, kwani nguvu zilikuwa zikirudishwa nyuma hasa. Kilichokosekana ni maelezo ya nani analisema akiwa wapi.

Nyenzo zilibaki nyuma kwa takriban sekunde 100. Kasi iliyokusudiwa ilikuwa noti 144, yaani maili 144 za baharini kwa saa, nayo ilishuka chini sana ya hapo huku marubani wakikamilisha ukaguzi wa kutua uliokuwa umechelewa. Katika kimo cha futi 460 usukani ulianza kutikisika, ishara kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege. Rubani msaidizi alisukuma nyenzo mbele. Nahodha akachukua usukani, msaidizi akaachilia, na katika makabidhiano hayo mtambo wa nguvu, ambao ulikuwa haujazimwa, ukazirudisha nyenzo nyuma. Ziliposukumwa tena mbele hadi mwisho, zilikuwa zimepita takriban sekunde 9 tangu usukani uanze kutikisika. Kimo kilichobaki hakikutosha.

Suala la upatanisho

Ajali za namna hii zikisimuliwa, ni kawaida kusikia kwamba "kompyuta ilidhani ndege imefika chini". Hii ni tashihisi, na katika ushairi haina neno. Katika maelezo ya ajali ina hasara, kwa kuwa huumba mhusika mpya, kompyuta yenye dhana, kisha ikamtwika lawama. Sarufi ya Kiswahili ina kinga fulani dhidi ya hatari hii. Binadamu na wanyama huchukua upatanisho wa a-wa. Hata kipepeo huruka na mbu huuma kwa kiambishi hicho. Mtambo, hata uwe unaendesha ndege nzima, husemwa uliongoza, ulivuta, ulizima.

Kinga hiyo huvunjwa na tafsiri. Atakayekiita chombo hiki "rubani wa mitambo", kwa kufuata muundo wa Kiingereza, atajikuta akiandika kwamba rubani wa mitambo aliinua pua. Ghafla kuna marubani wanne katika chumba chenye marubani watatu. Istilahi "mtambo wa kuongoza ndege" ni ndefu, na wanahabari hawataipenda, ila inamlazimu mwandishi kuuliza swali linalofuata: ni nani aliyeuelekeza mtambo huo usome altimita moja tu?

Swali hilo si la Uholanzi pekee. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ilikuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa, na kati ya watu 157 waliofariki, 32 walikuwa Wakenya. Ile ilikuwa imetoka tu kupaa wala haikuwa ikitua, na mtambo uliohusika ni mwingine. Hata hivyo, huko nako mtambo ulisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea ushahidi wa kihisi kimoja kilichotoa taarifa potofu, kama ilivyokuwa katika ajali ya Lion Air nchini Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018. Baada ya hapo mfumo huo ulibadilishwa ili ulinganishe vihisi viwili.

Matini mbili za ajali moja

Ripoti rasmi ya Bodi ya Usalama ya Uholanzi ilitolewa mwaka 2010. Iliitaja altimita mbovu na muundo wa mtambo, ikaeleza kuwa hitilafu hiyo ilikuwa imetokea mara mbili katika safari za karibuni za ndege hiyohiyo, na kusisitiza kwamba marubani walipaswa kufuatilia kasi na kuahirisha kutua. Kisengere nyuma hicho cha safari zilizotangulia ndicho kinachompa msomaji kinaya kichungu: yeye anajua tangu mwanzo kile ambacho marubani hawakijui.

Kulikuwa pia na uchunguzi wa Sidney Dekker, mtaalamu wa mahusiano ya binadamu na mitambo, aliouandaa mwaka 2009 kwa maombi ya Bodi hiyo. Uchunguzi huo ulionyesha kwamba vitabu vya mafunzo havikuwaeleza marubani kuwa mtambo wa nguvu husoma altimita ya kushoto hata ndege inapoongozwa kutoka upande wa kulia. Haukutolewa hadharani hadi mwaka 2020, baada ya ajali mbili za 2018 na 2019 kuamsha upya mjadala. Sasa zote mbili zinasomeka. Mtafiti wa uchanganuzi wa matini atakayezilinganisha anaweza kuanza na jambo dogo la kisarufi: katika kila sentensi kuhusu nyenzo zile, aorodheshe kiima ni nani, na ni mara ngapi kitenzi kimewekwa katika kauli ya kutendwa.