Kitambaa cha mgongo wa upinde: usichague kwa rangi

Wadau, leo naongea na nyie mnaouza vitu vya mbao, hasa pinde za kutengeneza kwa mkono. Duka langu lipo Ulaya. Sio ile ya wazungu, ni hii ya Kilosa, njia ya kwenda Mikumi. Kila mteja mpya lazima anitanie nauli ya ndege.

Mwaka jana nilituma upinde Dodoma kwa basi. Mgongoni nilibandika kitenge kikali, picha ikapendwa kinoma. Siku ya tatu mteja akanitumia video: kauvuta mara nne tano, kitambaa kimebanduka, mti umepasuka. Kibanzi kilipita karibu na jicho la mdogo wake. Elfu hamsini nilirudisha yote, ila kilichoninyima usingizi ni lile jicho.

Kosa langu lilikuwa hili. Mgongo ni ule upande unaoangalia shabaha. Ukivuta upinde, mgongo unanyooshwa, tumbo linabanwa. Mti mara nyingi unaanza kupasuka mgongoni, pale nyuzi zake zinaponyanyuka. Kazi ya kitambaa ni kuzishikilia. Sasa kitambaa kinachovutika kitashikilia nini? Mti unakatika, chenyewe bado kinanyumbuka.

Kizuri kabisa ni kitani. Dukani ni ghali, lakini kwenye mitumba suruali na mashuka ya kitani yapo, bei poa. Hariri nayo ni imara. Ukikosa, chukua pamba nzito isiyovutika, kama marekani au kaniki. Tisheti achana nayo. Kitenge kipime kwanza: choma uzi mmoja kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Changu kilikuwa poliesta, na sikujua.

Kitambaa kipya kina wanga, gundi haishiki vizuri. Kifue kwa maji ya moto na sabuni, kikauke, kipige pasi. Ukikata, nyuzi zifuate urefu wa upinde. Ukikata mshazari kitavutika kama mpira hata kiwe kitani. Mgongo upige msasa, futa vumbi, usiushike na mikono yenye mafuta. Paka gundi nyeupe ya seremala kwenye mti na kwenye kitambaa, sukuma hewa kwa kidole kuanzia katikati kwenda nchani. Uache siku mbili bila kufunga kamba. Unataka rangi? Weka kitenge kwenye mshikio tu.

Kuna wateja watakuomba ngozi ya chatu, wameona mtandaoni. Kataa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haichezi na nyara bila kibali, na sisi hapa tuko jirani na hifadhi.

Halafu tusidanganyane, kitambaa hakiponyi mti mbovu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nguvu ya upinde wao iko kwenye mti wenyewe. Wenye fundo au nyuzi zilizokatwa mshazari, uandike kwenye posti kuwa ni wa pambo, usiufunge kamba ya kuvutia, na bei ishuke.

Mimi sasa kila upinde nauvuta kidogo kidogo mara thelathini, miwani usoni, ndio napiga picha. Mwenye mashuka ya kitani ya mitumba aje inbox, nanunua.