Mayai ya Kuoka Yenye Mafuta Kidogo

Mtahiniwa, Wafaransa huoka yai kwenye kibakuli chenye siagi na krimu. Kumbuka: gramu 1 ya mafuta hutoa kilokalori 9, ya protini au wanga 4 tu.

Kasulu au Kibondo, pasipo na tanuri, fanya hivi:
1. Paka bakuli la bati mawese, nusu kijiko cha chai.
2. Weka mchicha uliochemshwa na kukamuliwa, nyanya, na kijiko 1 cha maziwa badala ya krimu.
3. Pasua yai juu yake, tia chumvi kidogo.
4. Weka bakuli katika sufuria ya maji yanayochemka, yafike nusu ya kimo chake. Funika mpaka kiini kigande. Kiini kibichi huweza kuwa na bakteria.

Swali: Kwa nini yai haliungui?
Jibu: Maji hayazidi kiwango chake cha kuchemka. Nyanda hizi zipo zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka chini ya nyuzi 97. Yai huganda kati ya nyuzi 60 na 70 hivi.

Angalizo: Usijibu kwamba mvuke hupunguza mafuta. Yamepungua kwa kuacha siagi na krimu.