Subira si kukanusha maumivu

Mama anamenya ndizi za futari jikoni, Kamachumu au Hamugembe. Mara anaingia mwanawe aliyekuwa safarini miaka mingi. Mama anazungumza, anacheka, na mikono inaendelea na kazi. Mjukuu ndiye anayemshtua: "Bibi, unatoka damu!" Hapo ndipo kidole kinapoanza kuuma.

Kwa msomaji wa Qur'an jambo hili si geni. Katika Surat Yusuf (12:31) tunasimuliwa wanawake waliopewa visu karamuni, kisha Nabii Yusuf (a.s.) akatokezwa mbele yao. Kwa mshangao wakajikata mikono. Wafasiri wameeleza kuwa walishughulishwa mno na walichokiona hata wasihisi kisu.

Je, kisu kiliacha kukata? La hasha! Mwaka 1965 wanasayansi Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa ndani ya uti wa mgongo pana mfano wa lango. Habari za maumivu huweza kupunguzwa hapo kabla hazijafika kwenye ubongo, na ubongo wenyewe huweza kuamuru lango lifungwe. Mwaka 2012 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwapa watu kazi ya kumbukumbu huku mkono ukiguswa na joto linaloumiza. Kazi ilipokuwa ngumu, maumivu yalipungua, na vipimo vilionesha kuwa ishara zilikwisha punguzwa kwenye uti wa mgongo. Walipopewa dawa inayozuia viuamaumivu ambavyo mwili hujitengenezea, nafuu ile ilipungua kwa takriban asilimia 40. Kwa hiyo nafuu hiyo si ya kujidanganya. Ni kazi halisi ya mwili.

Upande wa pili, akili ikijaa hofu mwili nao hufuata. Muleba inao ushahidi. Januari 30, 1962, katika shule ya bweni ya wasichana Kashasha, kicheko na kilio visivyozuilika viliwaanza wanafunzi watatu, vikaenea hadi 95 kati ya 159. Shule ikafungwa Machi. Madaktari hawakukuta vijidudu wala sumu. Walihusisha hali ile na nafsi zilizoelemewa, huku mmoja akimtazama mwenzake.

Ndugu Muislamu, tunajifunza nini?

Kwanza, tusiwahukumu wanaougua. Namkumbuka mzee mmoja wa Muleba aliyekuwa na kidonda mguuni. Kila aliyeingia alimwambia, "Subiri mzee, ni mtihani." Akaona haya, akanyamaza. Alipofikishwa hospitali kidonda kilikuwa kimeoza. Sote tuliomzuru tulishiriki kosa hilo, nami nikiwemo. Nabii Ayyub (a.s.) alimlalamikia Mola wake dhara lililompata (21:83), na bado anasifiwa kwa subira. Mtume (s.a.w.) naye, alipoulizwa na Ibn Mas'ud (r.a.) kuhusu homa yake kali, hakuficha, alisema homa yake ni kama ya watu wawili. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Pili, tujifunze kuzuru wagonjwa. Wapo wanaoingia wodini wakaanza kumtaja jirani aliyefariki kwa ugonjwa uleule! Huko ni kumrudisha mgonjwa kwenye maumivu yake. Muombee dua, kisha muulize habari za shamba lake, wajukuu zake, safari zake za zamani. Mtoto anayechomwa sindano mpe hadithi au mwambie ahesabu kurudi nyuma. Fikra zikipata kazi, maumivu hukosa nafasi.

Tatu, mazungumzo na dhikri havichukui nafasi ya daktari. Maumivu ni kengele ya hatari. Kuyapunguza makali hakujazima moto uliosababisha kengele ilie. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah (s.w.) hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Anayeomba dawa ya maumivu hajapungukiwa na imani.

Basi tukienda kumzuru mgonjwa, tutangulize swali kabla ya nasaha: "Unaumwa wapi, na umeshaonana na daktari?" Tumsikilize mpaka amalize, ndipo tumliwaze.

Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.