Gari Limekufa, Kadi Imepotea: Njia Halali ya Kulifikisha Katwe

Wakaazi wa mipakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, Mpondwe na Elegu, wanaijua Katwe kwa sifa hata kama hawajaikanyaga. Mtaa huu wa Tarafa ya Makindye, jijini Kampala, umejengwa juu ya ufundi wa chuma. Alumini chakavu huyeyushwa hapo ikawa sufuria, bati hukunjwa likawa sigiri, na mabomba hutiwa moto yakawa malango na toroli. Chuma kizito hupakiwa kwenye malori kuelekea viwanda vya kuyeyusha vya Jinja. Kwa sababu hiyo, gari lililokufa halikosi mnunuzi. Kinachokosekana mara nyingi ni kadi yake. Somo la toleo hili linaeleza la kufanya kabla msumeno haujagusa bodi.

Kwa nini polisi tunajali gari bovu

Watu hutuuliza: gari halina injini, limeota nyasi uani, kuna ubaya gani kuliuza kwa kilo? Jibu ni kwamba gari hufa mara mbili. Hufa kwanza barabarani, kisha hufa katika daftari la usajili. Likifa barabarani peke yake, jina la mwenyewe linaendelea kuishi katika daftari, na namba zake zinaendelea kuwa na thamani kwa mhalifu.

Mwizi wa magari hahitaji injini ya gari bovu. Anahitaji vibao vyake vya namba na kipande cha chuma kilichogongwa namba ya chesisi. Hukikata kipande hicho, akakichomelea katika gari la wizi la aina ileile, na gari la wizi likapata jina la marehemu. Siku gari hilo litakapotumiwa katika unyang'anyi au kumgonga mtu na kukimbia, wapelelezi watafungua daftari na kubisha mlango wa yule aliyedhani ameuza chuma tu.

Upande wa pili, gari la wizi lenyewe hufichwa kwa kukatwakatwa, kwa maana mlango na gia havitoi ushahidi. Wala wizi huu haujui mipaka. Mwaka 2015, kifaa cha kufuatilia kilichokuwa ndani ya gari aina ya Lexus lililoibwa Uingereza kilionyesha kuwa gari hilo liko Uganda. Likagunduliwa Kampala pamoja na magari mengine ya kifahari yaliyoibwa huko.

Tambua kwanza sababu ya kukosa kadi

Dawa hutegemea ugonjwa. Katika meza zetu tunakutana na hali nne.

Ya kwanza: kadi ilikuwapo ikapotea, ikaungua au ikaliwa na mchwa. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Ya pili: gari lilinunuliwa kwa mkataba wa mkono, jina halikubadilishwa. Daftari linamtambua muuzaji wa kwanza, hata kama gari limepitia mikono mitatu baadaye. Mtafute aliyeandikwa, kwa kuwa sahihi yake ndiyo ufunguo.

Ya tatu: mwenye gari amefariki. Mjane au mtoto, hata akiwa na funguo na kadi mkononi, hana mamlaka ya kuuza mpaka apate hati ya usimamizi wa mirathi. Aanze na barua ya mwenyekiti wa LC1, kisha afuate njia ya mahakama. Tunasisitiza jambo hili kwa kuwa ndugu wenye haraka huuza gari la marehemu kwa kilo kabla ya arobaini, na mayatima wakapoteza haki yao.

Ya nne inawagusa zaidi wasomaji wetu: gari lina namba za Kenya, Tanzania, Rwanda au Kongo, liliingia kwa kibali cha muda, likaharibikia upande huu. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari la namna hiyo lapaswa kurudi lilikotoka. Kuliuza au kulikata bila idhini ya forodha ni kosa, hata kama mwenye gari ni mwenyewe halisi na gari halitembei. Nenda kwanza kwa ofisi ya forodha ya mpaka ulioingilia.

Hatua za kufuata

1. Usilikate. Piga picha gari zima, vibao vya namba na namba ya chesisi.

2. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, utoe taarifa ya kupotea kwa kadi. Hakikisha imeandikwa katika kitabu cha matukio, na uondoke na namba ya kumbukumbu. Kutoa taarifa hakulipiwi.

3. Apa mbele ya kamishna wa viapo, ukieleza ulivyolipata gari na kadi ilivyopotea. Kiapo cha uongo ni jinai.

4. Omba nakala mpya ya kadi. Usajili wa magari, uliokuwa mikononi mwa Mamlaka ya Mapato (URA), sasa uko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Namba za gari zitalinganishwa na daftari. Malipo ya serikali hulipwa benki kwa namba ya malipo, kamwe hayalipwi mkononi mwa afisa.

5. Omba gari lifutwe katika daftari, na urudishe vibao vya namba. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo kinga yako.

6. Uza kwa mkataba wenye tarehe, majina, nakala za vitambulisho vya taifa na namba ya chesisi. Hifadhi nakala yako.

Neno kwa mafundi na wanunuzi

Sheria ya adhabu humshika anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Bei ya kutupa, muuzaji anayetaka gari likatwe usiku, na chesisi iliyokwanguliwa ni sababu za kutosha.

Jifunzeni kusoma namba. Magari mengi ya kimataifa yana namba ya tarakimu na herufi 17, nayo haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Ukiiona mojawapo, simama. Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, huwa na namba fupi yenye kistari katikati. Ufupi huo si dalili ya wizi. Tazameni badala yake alama za kuchomelea upya na rangi isiyolingana.

Biashara hii ikiharibika, wote huumia. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu, ikaifungua tena Mei mwaka huohuo. Katika miezi hiyo, waaminifu walikaa njaa pamoja na wezi.

Mwisho, toeni betri, oili na mafuta kabla ya kukata. Tangi tupu la petroli bado lina mvuke, na mvuke huo ukikutana na moto wa gesi hulipuka.

Haki yako pia

Kukosa kadi si hatia. Ukikamatwa kwa kushukiwa, Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na dhamana ya polisi hailipiwi. Mwenye taarifa ya gari la kutiliwa shaka atupigie 999 au 112 bila malipo.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya polisi jamii

1. Je, lipo gari bovu kijijini kwetu lililosajiliwa kwa jina la marehemu? Nani ana haki ya kuliuza?
2. Jirani analeta gari lenye namba za nchi nyingine, anataka likatwe leo. Tutamshauri aende wapi kwanza?
3. Nani kati yetu ameuza gari bila kubadilisha jina, na atamtafuta vipi mnunuzi wake?