ULANGA, JIWE LIPANGALO MOLEKULI

Liko jiwe moja ambalo wengi wetu tumeliona bila ya kulijua. Jiwe hilo ni ulanga. Mtu akitoka Kivukoni akaenda mpaka Kariakoo, kwa mafundi watengenezao pasi za umeme, atauona umetupwa chini pamoja na vyuma chakavu. Ni kijikaratasi chembamba, king'aacho kama kioo, ambacho kimezungushiwa waya wa kupasha moto. Fundi huupenda kwa sababu mbili: hauungui, na haupitishi umeme. Mimi naupenda kwa sababu ya tatu, nayo ndiyo somo langu.

Likizo iliyopita nilikaa kwa shangazi yangu huko Kariakoo, nikaenda kwa mzee mmoja fundi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta pasi?"

"Hapana, babu. Naomba kile kijikaratasi cha ndani ya pasi mbovu."

Mzee akacheka sana. "Chukua vyote. Sijapata kuona mtoto akiomba takataka kwa adabu namna hii."

Takataka ile ina historia. Wakati wa utawala wa Wajerumani ulanga ulichimbwa katika milima ya Uluguru, na reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907. Watu wa Ulaya waliutaka kwa madirisha ya majiko, na baadaye kwa vyombo vya redio. Waliununua kwa sababu ya joto na umeme, kama yule mzee fundi.

Sasa tuutazame wenyewe. Ulanga umejengwa kwa matabaka, na kila tabaka lina unene wa nanomita moja tu. Nanomita ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara 1,000,000. Basi kipande chenye unene wa karatasi ya daftari, yaani kama sehemu ya kumi ya milimita, kina matabaka yapatayo 100,000. Katikati ya tabaka na tabaka zimo chembe za potasiamu, nazo hazishiki kwa nguvu nyingi. Ukiingiza ncha ya wembe pembeni, ulanga hubanduka kama kurasa za kitabu, na uso unaotokea huwa laini mno. Mahali pengi hauna bonde wala kilima hata cha kimo cha atomu moja. Hakuna seremala wala mashine ya kung'arisha iwezayo kutengeneza uso kama huo kwa urahisi namna hiyo.

Uso huo si laini tu, una mpango pia. Atomu zake zimekaa kwa safu, kila moja mahali pake, na kitu kingine kikija kuota juu yake hulazimika kufuata safu zile. Jambo hili mtu aweza kuliona kwa macho yake katika maabara ya shule. Mimi na wenzangu wawili tulilifanya muhula huu kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa kemia.

Tulibandua ulanga, na papo hapo, kabla uso haujapata vumbi, tukadondosha tone dogo la maji yaliyoyeyushwa potasiamu ayodaidi. Juu ya kipande cha pili tukadondosha maji ya chumvi ya mezani. Matone yalipokauka tukayatazama kwa hadubini. Chumvi ya mezani ilikuwa imefanya visanduku vya mraba vilivyotupwa ovyo, kila kimoja na upande wake. Potasiamu ayodaidi ilikuwa imefanya pembetatu ndogo ndogo nyingi, na karibu zote zimejipanga kama askari gwarideni. Nyingine zilielekea mbele, nyingine zimegeuka nyuma kabisa, lakini zilizokaa upogo zilikuwa chache mno.

Sababu yake ni kipimo. Juu ya ulanga, mahali pa chembe moja ya potasiamu na mahali pa jirani yake pameachana kwa nanomita 0.52. Ndani ya fuwele ya potasiamu ayodaidi, katika ule uso wake wa pembetatu, chembe za potasiamu zimeachana kwa nanomita 0.50. Mguu unaingia katika kiatu, ingawa kinapwaya kidogo. Katika chumvi ya mezani nafasi hiyo ni nanomita 0.40, na kiatu hakifai. Aliyelipa jambo hili jina la epitaksi ni Mfaransa Louis Royer, mwaka 1928.

Wataalamu wa siku hizi wamekwenda mbele zaidi ya chumvi. Iko molekuli moja iitwayo paraheksafenili. Ni pete sita za kaboni zilizoungana kwa mstari kama shanga, na urefu wake haufiki nanomita 3. Mwaka 2001 Frank Balzer na Horst-Günter Rubahn walieleza jinsi molekuli za namna hii zinavyoota juu ya ulanga. Dawa hupashwa moto ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, ikageuka mvuke, na mvuke ukatua juu ya ulanga uliobanduliwa sasa hivi na kutiwa joto. Hakuna mkono unaozipanga molekuli. Zinatembea juu ya jiwe, zinakutana, zinalala ubavu kwa ubavu kama vijiti vya kiberiti, na kidogo kidogo unatokea uzi. Nyuzi hizo ni nyembamba kuliko unywele mara mia na zaidi, nazo hulala sambamba kwa sababu uso wa ulanga una nguvu ya umeme iliyoelekea upande mmoja. Ukitumia ulanga wa aina nyingine, uitwao flogopaiti, nyuzi zile zile huota kwa pande tatu. Hapo ndipo nilipoamini kwamba mwenye kuamuru ni jiwe.

Nyuzi hizo zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno hung'aa rangi ya buluu. Asidhani mtu kwamba taa ya mionzi hiyo ni kitu cha ajabu. Ndiyo tochi ile ile ambayo wenye maduka ya Kariakoo hukagulia noti bandia. Imulike shati jeupe la shule lililofuliwa kwa sabuni ya unga, nalo litang'aa buluu, maana sabuni hizo hutiwa dawa ambayo molekuli zake nazo zina pete za kaboni. Tofauti ni kwamba katika shati molekuli zimetawanyika ovyo, na juu ya ulanga zimepangwa. Kwa hiyo mwanga wa nyuzi hutoka ukiwa na mwelekeo mmoja, tena husafiri ndani ya uzi kama maji katika bomba. Wanaotafuta njia ya kutumia mwanga badala ya umeme katika mitambo midogo wanaliangalia sana jambo hilo.

Zipo pia molekuli zenye sumaku. Mojawapo imo katika wino wa buluu unaotumika sana kupiga chapa vitabu na magazeti, nayo huitwa fithalosianini ya shaba. Ukoo wa rangi hiyo ulianza kuchunguzwa baada ya kuonekana kwa bahati katika kiwanda kimoja cha Grangemouth, Scotland, mwaka ule ule wa 1928. Katikati ya molekuli hukaa atomu moja ya shaba yenye elektroni isiyo na mwenzi, na elektroni hiyo ni kama sumaku ndogo sana. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kwamba katika utando mwembamba wa rangi hiyo, ukiwa katika baridi kali, sumaku hizo huweza kushika hali yao muda wa kutosha kufikiriwa kwa kazi ya kutunza habari. Hapa tena uso wa chini una neno lake, kwani ndio unaoamua kama molekuli italala chali au itasimama wima.

Ombwe na mvuke wake hatuna hapa shuleni. Ulanga, wembe na hadubini tunavyo, na mwenye kutaka kujaribu azingatie mambo mawili. Kwanza, achague ulanga wa pasi za zamani. Ule wa pasi nyingi mpya umefanywa kwa chembe zilizosagwa na kugandamizwa, na haubanduki sawasawa. Pili, shule yetu haiko mbali na bahari, na potasiamu ayodaidi hunywa unyevu wa hewa. Akaushe tone ndani ya chupa iliyofunikwa yenye kalisi kloraidi, na atazame upesi baada ya kulitoa. Kipande chetu kimo katika chupa, kabati la pili la maabara. Mwenye kukitazama tafadhali arudishe kifuniko, kwa maana akikiacha wazi usiku mmoja, asubuhi tutakuta tone la maji.