Diski ya terabaiti 1: nafasi imekwenda wapi?

SWALI: Nina steshenari hapa Nyarubungo. Nimenunua diski ya nje ya TB 1 ya kuhifadhia nakala za kazi za wateja, lakini kompyuta inaonyesha GB 931. Nimeuziwa feki? Na niifomati kwa mfumo gani?

JIBU: Hujaibiwa, ndugu yangu. Kiwanda huhesabu terabaiti 1 kuwa baiti trilioni 1. Windows huzigawanya kwa 1,024 mara tatu, ndipo inapopatikana 931. Hapo fomati haina la kufanya.

Cha kuangalia ni ukubwa wa vyumba ambamo diski hupanga mafaili. Faili, hata likiwa dogo, kwa kawaida hushika chumba kizima. Mfumo wa NTFS kwa kawaida hukata vyumba vya KB 4. ExFAT, kwenye diski kubwa kama yako, KB 128. Barua ya KB 10 itakula KB 12 kwenye NTFS, lakini KB 128 kwenye exFAT. Ukiwa na barua na fomu 20,000 za namna hiyo, ni takribani MB 240 dhidi ya karibu GB 2.5. Mafaili makubwa, kama video za harusi, hayasumbuki na hilo.

Watumiaji wa Ubuntu wajue kuwa ext4 hutenga asilimia 5 kwa ajili ya msimamizi wa mfumo, yaani kama GB 46 kwenye diski yako. Amri ya tune2fs -m 0 huziachia. FAT32 achana nayo, haipokei faili la GB 4 au zaidi.

Kama kompyuta zako ni za Windows, chukua NTFS. Ila kufomati hufuta kila kitu, hivyo hamisha kwanza kazi za wateja.